Muuza Mapazia Arudi Bwawani

Mimi ni mtu wa kujisifu, na kulisema hilo sioni haya. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano hapakuwa na msichana wa shule kisiwani Mombasa aliyenipita majini, na wavulana walionipita walikuwa wa kuhesabu. Watoto wangu wamelisikia hilo mpaka limewatoka puani. Nikianza tu, "Mimi zamani zangu," mmoja hukumbuka ana kazi ya shule, mwengine huinuka kwenda kuswali hata kama adhana bado. Mume wangu, ambaye kazi yake ni bandarini na subira yake haina mfano, hubaki akanisikiliza, kwa kuwa ndiye aliyenioa.

Siwalaumu watoto. Mtu akinitazama leo haoni muogeleaji. Nina duka la mapazia Bondeni, na kutwa nzima niko nyuma ya meza ya kukatia, napima, nakata, nabishana na wateja wanaotaka pazia la sebuleni kwa bei ya tambara la kudekia. Kazi hiyo imenilisha, na imenilisha sana. Magoti yananilalamikia nikipanda ngazi. Ukiniona njiani na buibui langu na mkoba wangu, utasema huyu mama anatoka sokoni, na mara nyingi utakuwa umesema kweli.

Kilichonirudisha bwawani ni ulimi wa binti yangu mdogo. Shule yake, huko Tudor, ilikuwa na siku ya kuogelea, na sisi wazazi tuliketi kwenye vidato vya saruji tukiwapigia makofi watoto. Mwisho wakaitwa akina baba washindane kwa mzaha. Wakajitosa watano, mmoja akafika katikati, akashika kamba akapumzika kama anayesubiri kuletewa chai. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha mwalimu wa kuogelea akatangaza kwamba muhula ujao kutakuwa na mashindano ya watu wazima wa vilabu vya pwani na vya bara, na kutakuwa na mbio za wanawake waliopita miaka arobaini, mita hamsini, mtindo huru. Binti yangu akageuka, akasema kwa sauti ya kusikiwa na safu nzima: "Mama, si wewe ulikuwa bingwa? Ama ilikuwa ni hadithi tu?"

Wenzake wakacheka. Mama mmoja pembeni yangu akatabasamu kwa ile huruma inayoudhi kuliko tusi. Nikasimama na buibui langu, nikashuka vidato mpaka kwa yule mwalimu, nikamwambia aandike jina langu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa msichana wa Kaloleni, Mgiriama, aliyekuja mjini kwa masomo, akabaki kwa kazi, akapanga chumba Buxton. Alinitazama kuanzia ushungi mpaka viatu. Akaniuliza kwa adabu kama najua kuogelea. Nikamwambia asiniulize kama najua, aniulize nimeacha lini.

Nimeacha lini ndilo swali lenyewe. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, katika kichochoro ambacho ukikifuata mpaka mwisho unakuta ngazi za mawe zinazoshuka baharini. Kaka zangu walijifunza kuogelea hapo kwa kusukumwa na wenzao. Mimi nilijifunza kwa wivu. Maji yakijaa, kabla ya alasiri, kina mama wakiwa wamelala, nilishuka na gauni langu nikawafuata, na siku nilipowapita hawakusema na mimi mpaka kesho yake. Shuleni nikapata mwalimu aliyenifunza kuvuta pumzi ubavuni na kunyoosha mkono. Mwaka ule wa miaka kumi na mitano nikachaguliwa niende Nairobi, kushindana na wasichana wa nchi nzima.

Sikwenda. Mama aliniambia jikoni, akiwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, bila kuinua uso. Alisema baba amesema basi, nimeshakuwa mkubwa, mambo ya kuvua nguo mbele za watu yameisha. Usiku ule baba alikula chakula chake kimya, akanawa, akatoka. Nikakichukua kimya kile kuwa ndiyo hukumu yenyewe. Katika nyumba yetu baba alikuwa akisema neno mara moja, na neno hilo hata hakunipa heshima ya kunitamkia mwenyewe.

Tangu siku ile nilimstahi baba kama mtoto anavyotakiwa amstahi mzazi. Nilimbusu mkono asubuhi na jioni, nikampikia, nikamuuguza alipougua. Lakini kuna chumba kimoja moyoni mwangu nilikifunga na sikumfungulia mpaka tukamzika. Nakumbuka mara moja, nimeshaolewa na nina mtoto mgongoni, tulipita naye karibu na zile ngazi tukawakuta wavulana wanajirusha. Baba akasimama akawatazama, akasema, "Hawa wewe ungaliwashinda." Nilidhani ananisimanga. Nikamjibu kwamba jua ni kali, twende.

Basi huyo ndiye mtu aliyejiandikisha kushindana: ana miaka arobaini na sita, ana hasira ya miaka thelathini, na hana vazi.

Vazi lilikuwa kisa peke yake. Siku hizi mavazi ya kuogelea ya kusitiri yanauzwa madukani, suruali, gauni na kofia yake. Nikajaribu moja. Nikajitazama kwenye kioo nikaona linanishika kila mahali, nikalivua mbio. Mimi ni mwanamke wa Mji wa Kale, kiuno changu si cha maonyesho. Tena nikajiambia, kwani mimi nauza nini? Nikachagua dukani kwangu kitambaa kile kizito ninachowauzia wenye hoteli, kisichopitisha mwanga hata jua likiwa utosini. Nikampa fundi wangu, mzee anayenishonea mapazia tangu nifungue duka. Nilimwambia atie bitana, na kwa kuwa niliogopa gauni litapanda juu maji yakilijaza, nikamwambia atie kwenye pindo vile vyuma vidogo tunavyotia kwenye mapazia yasipeperushwe na upepo. Fundi hakuuliza. Alishona kwa mkono mzuri kabisa, na lilipokwisha lilikuwa vazi la kupendeza. Lingefaa kutundikwa dirishani.

Kila Jumanne baada ya alasiri bwawa lilikuwa la wanawake peke yetu. Jumanne ya kwanza nikashuka na vazi langu kwa madaha, nikasukuma ukuta kwa miguu. Kwa muda mdogo sana nilikuwa na miaka kumi na mitano. Halafu kitambaa kikanywa maji, bitana ikanywa yake, na pindo likaamua kurudi chini. Nilipiga mikono kwa nguvu zangu zote na sikuenda mbele wala nyuma; nilikuwa nashuka, wima, polepole, na heshima zangu zote. Mwalimu akaninyooshea fimbo ndefu, nikaishika, akanivuta mpaka ukingoni. Alipoona nimeshapata pumzi akaniuliza, "Mamangu, umekuja kuogelea ama umekuja kutia nanga?"

Wanawake walicheka, na mimi nikacheka nao, ingawa hasira zilikuwa karibu. Muuza mapazia kavaa pazia. Habari hiyo ilifika Bondeni kabla yangu, na mpaka leo fundi wangu akinishonea kitu cha dharura huniuliza kama nataka na vyuma. Nikarudi nikanunua lile vazi la dukani, saizi ya juu, nikavaa. Ndani ya maji hakuna aliyekuwa na wakati wa kukitazama kiuno changu, kila mtu alikuwa na shida zake.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jumanne iliyofuata nikaingia na vazi jepesi, na hapo ndipo nilipojua kwamba mwili hausahau. Mikono ilijua njia. Mkono wa kulia ukaingia majini mbele ya kichwa, ukashika maji, ukavuta. Wa kushoto ukafuata. Nilifika ukuta wa pili nikiwa nahema kama mashine ya kusaga, mapigo ya moyo yamo masikioni, lakini nilifika na nilijua nilifikaje. Mwalimu alikuwa ametembea ukingoni sambamba na mimi. Aliniambia nirudie, safari hii polepole, anataka kuona mkono. Nilipofika tena hakusema kitu cha kuchekesha. Alisema mkono ule ulifundishwa na mtu anayejua kazi, na kwamba atanifanyisha mazoezi mara tatu kwa wiki, Jumanne na wenzangu na siku nyingine mbili alfajiri, bwawa likiwa tupu. Nilirudi nyumbani Tudor kwa miguu, nywele mbichi ndani ya ushungi, na nikajisifu njia nzima peke yangu, bila mtu wa kunikimbia.

Sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Mabega yaliniuma hata sikuweza kushusha majora ya kitambaa kutoka rafu ya juu, ikabidi wateja wajishushie wenyewe. Ramadhani ikaingia, na mimi ni mwoga wa kumeza maji nikabatilisha saumu, nikaacha kabisa mwezi mzima. Nikarudi baada ya Idi na sambusa zote zikiwa mapajani. Mwalimu, ambaye ni Mkristo, aliniuliza kama mfungo wetu ni wa kupunguza au wa kuongeza. Nikamwambia kwamba mchana tunapunguza. Alinisukuma mpaka sambusa zikatoka. Kidogo kidogo zile mita hamsini zilianza kuwa fupi, na kuna jioni moja niligusa ukuta, nikainua kichwa, nikamuona anaitazama saa yake kisha ananitazama mimi, kisha anaitazama saa tena.

Shida yangu ilikuwa mama. Mama yangu yuko hai, Mungu amzidishie, na bado anaishi katika nyumba ile ile ya Mji wa Kale na kaka yangu mkubwa. Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimejiambia nitamwambia nikiwa tayari, lakini Mji wa Kale haungoji mtu awe tayari. Ijumaa moja nilimpelekea biriani kama ada yangu. Nilimuamkia, nikambusu mkono, akaniuliza hali yangu, ya mume wangu, ya watoto mmoja mmoja, ya duka. Nikajibu zote. Kisha akasema, "Ndoo uketi hapa. Nambiwa waogelea."

Nikakaa. Nikamweleza kila kitu, saa ya wanawake, vazi, mwalimu. Akaniuliza siku ya mashindano kama patakuwa na wanaume. Nikasema watakuwapo, lakini nitakuwa nimesitirika kuliko wengi wanaopita njiani. Akasema watu watasema. Neno hilo lilinichoma. Watu wamekuwa wakisema tangu nizaliwe, na sijaona hata mmoja aliyechoka.

Mimi ni mwepesi wa hasira, na hasira yangu haichagui pa kutua. Nilimwambia kwamba zamani baba alinikataza nami nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa mtoto. Sasa baba hayuko na mimi si mtoto. Nikasema angekuwa hai ningemwambia usoni kwamba alinidhulumu.

Mama alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Akakiweka chini.

"Usimseme babako."

"Namsema kwa haki yangu, Mama."

"Huna haki. Babako hakukataza. Nlokukataza ni mimi."

Nilidhani sikumwelewa. Akaniambia mambo yalivyokuwa, kwa sauti ndogo, macho yake yakiwa mlangoni asije mtu akaingia. Baba alirudi siku ile na furaha yake. Alikuwa ameomba ruhusa kazini ili anipeleke Nairobi mwenyewe, na alikuwa ameninunulia sanduku la safari. Mama ndiye aliyeogopa. Alikuwa na mabinti watatu wa kuozwa, na majirani walikuwa wameshaanza kuuliza yule mkubwa wenu anakwenda wapi na miguu nje. Alimwambia baba akinipeleka, na yeye ataondoka arudi kwao. Walibishana siku kadhaa, chumbani, usiku, sisi tumelala. Mwisho baba akakubali.

"Akanambia, 'Basi mwambie ni mimi nlokataa. Mtoto wa kike yuwamhitaji mamake. Akiwa ni wa kukasirika, na anikasirikie mimi.'"

Nikamuuliza, na wewe ukakubali hivyo? Akasema alikubali. Akasema baba alipofariki alitaka kuniambia, akaogopa, na kila mwaka ukipita uoga ukawa mzito zaidi. Lile sanduku alilitoa sadaka.

Kisha akasema, "Radhi yangu unayo, tangu leo. Kaogelee. Lakini mimi kuja huko sitokuja. Nina haya na babako."

Niliondoka bila kumbusu mkono. Hilo sikuwahi kulifanya maishani mwangu. Nilitoka kichochoroni nikatembea mpaka Bondeni, nikafungua duka ambalo Ijumaa huwa nalifunga, nikakaa gizani katikati ya mapazia. Nilikuwa nimekasirika vibaya. Nilimkasirikia mama kwa uongo wake. Nilimkasirikia baba kwa wema wake, kwa kuniacha nimchukie kimoyomoyo na yeye yuwajua. Nikaikumbuka siku ile ya ngazi, "Hawa wewe ungaliwashinda," na jibu nililompa. Nililia kwa sauti, na mteja mmoja aliyechungulia mlangoni akaondoka kimya.

Wiki zilizofuata niliogelea kama mtu anayegombana. Mwalimu alinitaka nipunguze, kwamba maji hayapigwi, yanashikwa. Sikumweleza chochote. Kwa mama nilikwenda Ijumaa zangu kama kawaida, maana yeye ni mama yangu na biriani ni biriani, nikambusu mkono, tukazungumza habari za chumvi na bei ya nyanya. Hakulitaja bwawa na mimi sikulitaja. Hasira ilikuwa inapoa, sijui kwa nini; labda kwa sababu mikono yake ilikuwa imekuwa myepesi sana nikiishika. Kilichobaki kilikuwa ni kingine. Radhi nilikuwa nayo. Lakini nilitaka macho yake. Nilitaka yule aliyenitoa majini anione nimo majini, hata mara moja, kabla hatujamaliza siku zetu. Kumuomba siwezi, kiburi hiki nimekirithi kwake yeye mwenyewe.

Siku ya mashindano iliangukia Jumamosi asubuhi. Bwawa lilipambwa kwa vibendera, na vidato vyote vilijaa watu, wake kwa waume. Binti yangu alikuwa mstari wa mbele na baba yake, ameandika jina langu kwenye kadi kubwa. Alikuwa hacheki tena. Kijana mmoja wa mjini ndiye aliyeshika kipaza sauti, mchangamfu, kila mwenyeji anampa jina la utani, na watu walikuwa wakimfurahia.

Tulikuwa wanawake sita. Wawili walitoka Nairobi, warefu, wamevaa kama samaki, wakizungusha mabega huku na huku. Mmoja wa kutoka Kilifi alinisalimia akaniuliza kama vazi langu halinizuii. Nikamwambia hajaliona lile la kwanza.

Nilipopanda jukwaa la kurukia na kuvuta miwani usoni, nikatupa macho kwa mume wangu nimuone. Kando yake, pale ambapo dakika chache kabla palikuwa na mkoba wa binti yangu, alikuwa ameketi mama. Mke wa kaka yangu alikuwa amemleta kwa tuktuk na bado alikuwa akimkunjia buibui lisiburutike kwenye maji. Mama hakunipungia mkono. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, ananitazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa motoni.

Nilitaka kushuka nikamsalimie kwanza, kwa sababu nilikuwa sijamuamkia asubuhi ile. Firimbi ikalia.

Sikumbuki kuruka. Nakumbuka baridi, na halafu mkono wa kulia ukishika maji. Sikuyapiga, niliyashika. Nilipovuta pumzi ubavuni niliona maji yakirushwa na mwenzangu wa kulia, na nilipovuta ya pili sikumuona tena. Ukuta ulinijia mapema. Niligeuka vibaya, mguu ukateleza, nikapoteza kitu hapo, nikajisemea tusi moja ambalo silisemi mbele ya watoto. Kurudi nilikuwa nimebaki na pumzi ya kufikia nusu tu, na nusu ya pili nikaiogelea kwa ubishi. Kifua kilikuwa kinawaka. Nikagusa.

Nilikuwa wa pili. Mmoja wa wale warefu wa Nairobi alinitangulia kwa kiganja. Alinipa mkono juu ya kamba, akaniuliza nafanya mazoezi wapi, na nikamjibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwamba mimi ni wa hapa hapa, nimezaliwa hapa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi nilikubali. Lakini nawaambia ukweli, wanne waliobaki walikuwa bado hawajafika. Binti yangu alikuwa analia na kadi yake imepinduka. Mwalimu alikuwa amechuchumaa ukingoni, ameishika saa kwa mikono miwili, na alisema tu, "Mamangu," akanigeuzia saa niione.

Tukaitwa kupokea medali. Nilijifunga kanga juu ya vazi langu, nikasimama mahali pa mshindi wa pili, maji yakinidondoka. Yule kijana wa kipaza sauti alimtaja wa kwanza kwa jina lake na la baba yake, kama lilivyoandikwa. Alipofika kwangu akatabasamu, kwa kuwa ananijua, ameshanunua mapazia kwangu. "Na nambari mbili, mama yetu wa mapazia kutoka Bondeni! Makofi kwake!" Watu wakacheka kwa mapenzi, wakapiga makofi. Mimi nikacheka pia. Sikuona ubaya wowote.

Mama akasimama. Nilimuona akiuondoa mkono wa mke wa kaka yangu, akashuka kidato, akaja taratibu ukingoni mwa bwawa, mbele ya wanaume wale wote, mpaka kwenye meza ya kipaza sauti. Mama yangu huyu, ambaye maisha yake yote akitaka kitu kwa muuza duka humsemesha kwa nyuma ya mlango. Makofi yakapungua, kila mtu akataka kujua bibi huyu anataka nini.

"Mwanangu," akamwambia yule kijana, "huyo ana babake. Mtaje kwa babake."

Kijana akainuka, akamuomba radhi, akamuamkia. Kisha, kwa adabu, akamuuliza jina la mzee ni nani, akamsogezea kipaza sauti.

Hapo nikataka kwenda kumsaidia. Katika umri wangu wote sijapata kumsikia mama akilitaja jina la baba. Wanawake wa rika lake hawawataji waume zao, ni heshima waliyolelewa nayo. Nyumbani alimwita babake fulani, kwa jina la kaka yangu. Hospitalini, bankini, hata siku tulipokwenda kuandikisha kifo chake, mama aliulizwa jina la mumewe akanitazama mimi, na mimi nikamtajia. Nikashuka mahali pangu, kanga yangu imeshikwa kwa mkono mmoja, nimtajie.

Mama akaninyooshea kiganja nisimame nilipo. Akakisogelea kipaza sauti karibu kuliko inavyotakiwa, na akalitaja jina la baba yangu, lake, na la baba yake, na la babu yake, moja moja, bwawa zima likimsikiliza.